Kabla ya Kushika Tindo

Mwaka jana, mwezi wa saba, niliitwa Igwachanya kuangalia ukuta. Mwenye nyumba ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nilipiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ameshanitangulia kuelekea chumba cha wajukuu. "Jionee mwenyewe, mwanangu. Huu ukuta unalia."

Ulikuwa unalia kweli. Rangi ilikuwa imefura na kubambuka mpaka usawa wa goti, na nyuma ya kitanda kumeota chumvichumvi nyeupe. Niliigusa ikabaki kidoleni kama unga wa sembe. Ng'ambo ya ukuta huo kuna bafu la chumba masta. Taili zake ni safi, za rangi ya maziwa, na ni za pili: fundi aliyenitangulia alizing'oa za kwanza zote, akabandika mpya. Siku za kazi hiyo, watu wakiogea uani, ukuta ulikauka. Waliporudi kuogea ndani haukupita mwezi, ukaanza tena. Stoo kulikuwa na boksi tatu nyingine za taili zilizonunuliwa Makambako, zinasubiri mtu wa kuzibandika. Mtu huyo nilitakiwa niwe mimi.

Kosa hili nakutana nalo kila mara. Watu huamini taili ndiyo inayozuia maji. Taili yenyewe, ikiwa imechomwa vizuri, kweli haipitishi. Lakini katikati ya taili na taili kuna grauti, na grauti ni saruji, na saruji hunywa maji kidogokidogo kila mtu anapooga. Kazi ya kuyazuia ni ya tabaka lililojificha nyuma: ile dawa ya kuzuia maji inayopakwa juu ya plasta mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, kabla ya taili kugusa ukuta. Mwenye nyumba atatumia siku tatu kuchagua rangi ya taili, halafu hicho kisichoonekana amwachie fundi. Na fundi naye amepatana bei ya kubandika taili tu.

Huku kwetu Njombe jambo hili lina uzito wake. Tangu Wilaya ya Wanging'ombe ianzishwe mwaka 2012 na Igwachanya kuwa makao makuu yake, nyumba za kupangisha watumishi zimeendelea kuota, na mpangaji wa siku hizi huuliza habari za chumba masta kabla hajauliza kodi. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, na si chache zimepangwa kwa udongo, saruji ikipigwa kwenye maungio ya nje tu ili zipendeze. Tofali la kuchoma hunyonya maji kama sifongo. Udongo uliolishika nao ukilowa hulainika. Kwa hiyo bafu likivuja kwenye nyumba ya namna hiyo, msifikirie rangi tu; ukuta unaliwa kwa ndani.

Kuna na baridi. Kati ya mwezi wa sita na wa nane, mtu wa Njombe haogi maji yasiyochemshwa, na mvuke ule ukigonga ukuta wa baridi hugeuka matone. Ukuta unatoa jasho, na jasho hilo watu huliita uvujaji. Kulitambua ni rahisi. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, futa ukuta palipo na dampu, kisha kibandike hapo kwa selotepu pande zote nne na ukiache siku moja au mbili. Nailoni ikilowa upande wa chumbani, hilo ni jasho. Fungua dirisha la bafu, huna haja ya fundi. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Kwa mama yule ililowa upande wa ukutani.

Hapo ndipo wengi hushika tindo. Mimi huomba ndoo, penseli na saa.

Naanza na mabomba. Funga koki zote, soma mita, kaa nusu saa, usome tena. Maji ya mserereko yanayoshuka kutoka milimani yana tabia ya kupanda nguvu usiku watu wakiacha kuyatumia, basi kipimo kizuri ni cha saa nne usiku na kuendelea. Mita ikisogea na koki zimefungwa, bomba la ndani ya ukuta au sakafu limetoboka mahali. Lakini mita kutulia hakulisafishi kila bomba, na hapa mafundi wengi huteleza: kipande kinachopanda kutoka koki ya shawa hadi kichwani hakina nguvu ya maji mpaka shawa ifunguliwe. Kinaweza kuwa kimepasuka kwenye elbo na mita isikuambie kitu. Dawa yake ni kufungua kichwa cha shawa, kuziba pale kwa plagi ya bomba, halafu kufungua koki. Sasa bomba limejaa na maji hayana pa kutokea. Hapo mita itasema. (Kama kuna shawa ya umeme, zima swichi yake kuu kwanza, na umwite fundi umeme aiondoe. Maji ndani ya ukuta na waya ndani ya ukuta huohuo si jambo la kujaribia.)

Mita ya mama haikutikisika, mara zote mbili. Nikahamia sakafuni. Niliziba trapu, lile tundu la kutolea maji, kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikamwaga maji mpaka yakafika kina cha vidole viwili, nikachora mstari wa penseli kwenye taili, tukaenda kunywa chai. Baada ya saa mbili yalikuwa yameshuka karibu sentimita moja. Maji hayo hayakukauka kwa baridi ile. Ukutani sikuwa nimetupia hata kikombe, na ndivyo inavyotakiwa: jaribu chini kwanza, kisha upande juu hatua kwa hatua, ukipumzika kila hatua. Ukianza kwa kumwagia ukuta mzima, hutajua aliyeiba ni nani.

Nilipochokonoa ukingo wa trapu kwa bisibisi, bisibisi ilizama. Kichujio chake cha stenlesi kilikuwa kimekalishwa kwenye mota ya kawaida, hakikuingia sawasawa ndani ya bomba la PVC lililo chini yake. Kila aliyeoga aligawa maji mara mbili: mengi yalikwenda kwenye chemba, mengine yalipita pembeni, yakaingia kwenye ule udongo na mchanga chini ya taili, yakatambaa hadi kwenye ukuta, tofali likayanyonya kwenda juu. Mahali yanapoingilia na mahali yanapojitokeza palikuwa na umbali wa mita mbili na ushee. Taili zote za ukutani, za kwanza na za pili, hazikuwa na hatia.

Tuling'oa taili nne. Tulichimba mpaka kwenye zege, tukarefusha bomba kwa soketi ili kichujio kiingie ndani yake, tukaunga kwa gundi ya PVC, tukajaza zege ya kokoto ndogo na kuiacha ikauke vizuri. Kisha dawa ya kuzuia maji mikono miwili, ikipanda mpaka kwenye mdomo wa trapu. Taili zilirudi na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita. Za awali zilikuwa zimelala sawa kama meza, pimamaji halikuwa na la kulalamika. Boksi moja kati ya zile tatu ndiyo tuliyofungua.

Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, tuliikwangua grauti yote. Sehemu hizo mbili hazitembei pamoja: maji ya moto yakimwagika kwenye bafu la baridi ya Julai, kila upande hutanuka kwa namna yake, na grauti ngumu ikiwa katikati lazima ipasuke. Pale panahitaji silikoni. Siyo ile inayonuka siki, kwa maana haishikani vizuri na saruji. Ulizeni dukani isiyo na harufu hiyo. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani hata ukiipaka bomba zima, kwa hiyo ya zamani ikwanguliwe yote, pafutwe kwa spiriti, pakauke. Kwa baridi yetu huwa natoa siku mbili kabla mtu hajaoga, hata kama bomba la silikoni limeandikwa siku moja.

Wenye lile bafu la kujilaza, ambalo mtaani huitwa jakuzi hata kama halibubujiki kitu, wana sharti moja zaidi. Lijazeni maji kwanza ndipo mpake silikoni ukingoni, na yabaki humo mpaka ikauke. Lita mia moja na hamsini za maji ni kilo mia moja na hamsini, na mwogaji bado hajaingia. Bafu hilo hushuka milimita kadhaa likilemewa. Ukipaka likiwa tupu, silikoni itachanika siku ya kwanza ya kuoga.

Mama alitaka rangi ipakwe wiki ileile, ya mafuta, ifunike kila kitu. Nilimkatalia. Rangi ya mafuta ingeyafungia maji ndani ya tofali, yangepanda kutafuta pa kutokea. Tulikwangua plasta iliyooza, tukapiga brashi chumvi ikiwa kavu, tukasogeza kitanda na kuacha ukuta wazi. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa ameona mchezo wangu wa penseli bafuni, alianza kuchora mstari kwenye ukomo wa dampu kila Jumapili na kuandika tarehe. Niliporudi mwezi wa tisa nilikuta mistari minane, kila mmoja chini ya mwenzake. Wa nane ulikuwa umefika kwenye sketi ya ukuta, na bibi yake alikuwa bado ananidai rangi.