UTAFITI KATIKA MAKAZI YA WAZEE: NAFASI YA MWANANCHI

Makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali, yakiwemo Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza, hutunza wazee wasio na ndugu wala uwezo wa kujikimu. Watafiti wanapofika katika makazi ya aina hii, wananchi wengi hudhani kuwa wajibu wao ni kujibu maswali tu. Sivyo.

Kuhojiwa ni jambo moja, kushirikishwa ni jingine. Anayehojiwa hutoa taarifa zake. Anayeshirikishwa hushauriana na watafiti tangu lengo la utafiti linapopangwa, hupitia dodoso kabla halijatumika na hujadili matokeo. Anaweza kuwa mzee mwenyewe, ndugu, mtunzaji au jirani wa makazi.

Kwa mfano, mtafiti wa tatizo la kukosa usingizi anaweza kuandaa maswali kuhusu dawa pekee, ilhali mzee anajua kuwa kinachomkesha ni choo kilicho mbali na njia yenye giza. Asiposhirikishwa mapema, tatizo hilo halitaandikwa popote.

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba duniani, lilirekebishwa Oktoba 2024. Sasa linataka jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Mwananchi azingatie yafuatayo:

1. Utafiti wa afya unaohusu binadamu huhitaji kibali cha maadili. Uliza kibali hicho kabla ya kushiriki.

2. Mzee aelezwe kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma asomewe fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiye mtafiti.

3. Mzee anayo haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kupunguziwa chakula, malazi wala matibabu. Haki hii ilindwe kwa makini, kwa kuwa anayemtegemea mtunzaji kwa kila kitu huweza kuogopa kusema hapana.

4. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, ridhaa hutolewa na mwakilishi wake. Hata hivyo, mzee akionesha kutotaka, aachwe.

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Mwenye maoni, au anayependa kushiriki, amwone Afisa Ustawi wa Jamii au viongozi wa Baraza la Wazee katika kata yake.