Kabla ya Jina la Ugonjwa: Msaada kwa Watoto Wadogo Wanaochelewa Kufikia Hatua za Maendeleo na kwa Familia Zao nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Siku ya kliniki ya watoto katika zahanati nyingi za Tanzania ina utaratibu unaofahamika. Mama hufika mapema na kuweka kadi kwenye foleni, mtoto hupimwa uzito kwa mizani ya kuning'iniza, alama huwekwa kwenye mchoro wa ukuaji, chanjo hutolewa, kisha tarehe ya kurudi huandikwa. Utaratibu huu umeokoa maisha ya watoto wengi na makala haya hayana nia ya kuubeza. Hata hivyo, mtoto anaweza kuupitia mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, uzito wake ukipanda inavyotakiwa, bila mtu yeyote kumwuliza mama kama mwanawe anakaa, anageuka anapoitwa, au anashika kitu kwa mikono yote miwili.

Makala haya yanaeleza namna watoto wa umri wa chini ya miaka mitano wanaochelewa kufikia hatua za maendeleo, pamoja na familia zao, wanavyoweza kusaidiwa katika mazingira yenye wataalamu wachache. Hoja inayotetewa ni kwamba msaada unapaswa kuanza pale mlezi anapoona tofauti, pasipo kusubiri jina la ugonjwa, na kwamba uwanja wake wa kwanza ni kazi za kila siku za malezi: kulisha, kubeba, kuogesha na kuzungumza na mtoto. Hoja hii ina mipaka yake, nayo itaelezwa mahali pake.

Katika makala haya, ukuaji ni ongezeko la mwili linalopimika kwa kilo na sentimita, na maendeleo ni kupanuka kwa uwezo wa mtoto wa kusogea, kutumia mikono, kuelewa na kutumia lugha, kufikiri na kuhusiana na watu. Katika mazungumzo ya kawaida neno ukuaji hubeba maana zote mbili, na ndiyo sababu mtoto mwenye uzito mzuri huhesabiwa kuwa anakua vizuri. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health yalionesha kuwa mwaka 2016 watoto wapatao milioni 52.9 wa chini ya miaka mitano walikuwa na ulemavu unaohusu maendeleo, na kwamba takribani asilimia 95 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Vyanzo vinavyojitokeza mara kwa mara katika mazingira yetu vinajulikana: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano makali yasiyotibiwa kwa wakati, malaria iliyofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, mgongo wazi na kichwa kikubwa, upungufu wa kusikia au wa kuona, na hali za kijenetiki kama vile sindromu ya Down. Kwa watoto wengine chanzo hakijulikani kamwe. Wingi huo wa vyanzo ndio unaoudhoofisha msimamo wa kusubiri utambuzi kamili, kwa kuwa mtoto, aitwe kwa jina lolote, anahitaji leo kula bila kupaliwa na kuongeleshwa na watu wa nyumbani kwake.

2.0 Neno "kuchelewa" na mzigo wake

Neno kuchelewa lina faraja ndani yake. Basi lililochelewa bado liko njiani, na mgeni aliyechelewa bado anatarajiwa. Methali "Kawia ufike" imezoeleka kiasi kwamba jirani huitamka bila kutafakari pale mama anaposema kuwa mwanawe wa mwaka mmoja na nusu hajasimama. Kwa baadhi ya watoto faraja hiyo ni ya kweli: miezi michache baadaye wanatembea na hakuna anayekumbuka wasiwasi uliokuwapo. Kwa wengine safari yenyewe ni tofauti, na muda unaotumika kungoja ni muda ambao viungo vinazidi kukakamaa na mtoto asiyesikia anakosa lugha ya aina yoyote. Neno moja linawafunika wote, na ushauri unaotolewa unakuwa mmoja.

Upande wa pili yapo maneno yasiyo na faraja hata kidogo. Taahira, zezeta na bubu humtaja mtoto mzima kwa upungufu mmoja, na yakishamganda hayamwachi. Istilahi rasmi kama vile usonji na mtindio wa ubongo zimepunguza ukali huo, ingawa hii ya pili ina utata ambao watafiti hawapaswi kuupuuza. Kitabibu inahusu tatizo la misuli na mijongeo linalotokana na athari katika ubongo unaokua. Mitaani hutumika kwa mtu yeyote mwenye ulemavu wa akili. Matokeo yake ni kwamba wazazi wa mtoto mwenye misuli iliyokakamaa lakini akili timamu huambiwa neno hilo hospitalini, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba haelewi chochote, wakaacha kuzungumza naye.

Ipo pia dhana ya kubemenda. Katika maeneo mengi, ya pwani na ya bara, mtoto anayedhoofu au kuchelewa kutembea husemekana amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kujamiiana katika kipindi cha kunyonyesha, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Dhana hii ina mantiki yake ya kijamii, kwani inalinda nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine. Lakini humweka mama katika hali ambayo kumtoa mtoto hadharani ni sawa na kukiri kosa la chumbani. Degedege nayo, kama utafiti wa wilayani Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulivyoonesha, hutambuliwa na jamii kuwa ugonjwa wa pekee wenye tiba zake za asili. Mtoa huduma anayeyacheka maelezo haya mbele ya mama humnyamazisha. Anayeyasikiliza, kisha akauliza ni lini alianza kuona tofauti, huipata historia ya mtoto ambayo haimo katika faili lolote.

3.0 Upana wa hali ya kawaida

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Ukiwaweka kando asilimia moja ya waliotangulia sana na asilimia moja ya waliokuwa wa mwisho, watoto hao walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Takribani asilimia 4.3 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja asiyetembea hana sababu ya kutiliwa shaka kwa jambo hilo peke yake. Wa miezi kumi na minane asiyetembea anastahili kuchunguzwa. Zipo dalili zenye uzito zaidi kuliko tarehe: mtoto kutumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, miguu kukakamaa na kupishana kama mkasi anaponyanyuliwa, kutoshtuka kwa sauti kubwa, na zaidi ya zote, kupoteza uwezo aliokwisha kuupata. Hii ya mwisho haingojwi hata wiki moja.

Vipimo vilivyotungwa Ulaya na Marekani vimekuwa vikiwapa watoto wetu alama za chini kwa sababu zisizo zao. Mtoto ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba yenye ngazi hawezi kupimwa kwa namna anavyozipanda. Kutokana na tatizo hilo watafiti wa Kilifi nchini Kenya, akiwamo Amina Abubakar, waliandaa kipimo kinachoitwa Kilifi Developmental Inventory, na kile cha Malawi, Malawi Developmental Assessment Tool, kilichapishwa mwaka 2010 kikiwa kimejengwa juu ya maisha ya watoto wa vijijini. Hizi ni hatua muhimu. Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, tumekuwa wepesi kutafiti vipimo na wazito kutafiti kinachofuata baada ya kupima. Wasiwasi wa mama, ukiulizwa kwa adabu na kuandikwa, haugharimu kitu na hufaa kuwa mwanzo wa huduma.

4.0 Msaada unaoanzia katika kazi za nyumbani

Kulisha ndiko kunakostahili kutangulizwa, kwa kuwa ndiko kunakohusu uhai. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa karibu watoto watatu kati ya kila 1,000 walikuwa na mtindio wa ubongo, na kwamba kiwango kilikuwa cha chini zaidi kwa watoto wakubwa kuliko kwa wadogo. Hali hii haiponi kwa umri, hivyo tofauti hiyo inaashiria vifo. Mtoto mwenye shida ya kumeza, akilazwa chali mapajani na kumiminiwa uji mdomoni, huvuta sehemu ya uji huo kwenye njia ya hewa. Nimonia hufuata, tena na tena. Akiketishwa wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, akapewa uji mzito kwa kijiko, kidogo kidogo, na mlishaji akasubiri ameze kabla ya kuongeza, hatari hupungua sana. Uji huo ukiongezwa mafuta au karanga zilizosagwa, kiasi kidogo anachokula humtosha zaidi. Hapa hakuna kifaa kinachohitajika kuagizwa, ila mtu wa kumwonesha mama kwa vitendo, akiwa na mtoto wake mwenyewe na bakuli lake mwenyewe.

Kubeba nako kunafundishika. Mbeleko inayomweka mtoto mgongoni huku miguu ikiwa imetanuka kiunoni mwa mama humfaa mtoto ambaye miguu yake hujibana, mradi kichwa chake kinategemezwa. Kwa asiyeweza kukaa, kiti cha pembe kinachotengenezwa na fundi seremala wa mtaani, au kwa tabaka za karatasi ngumu zilizogandishwa kwa gundi ya unga, humwezesha kuona nyumba kwa macho ya watu wengine badala ya kuangalia dari kutwa. Akiwa ameketi jikoni, mama anaweza kumtajia sufuria, moto na kitunguu, akamsubiri ajibu kwa jicho au kwa sauti. Kusubiri huko ndiko watu wazima husahau. Kuchua viungo kwa mafuta, jambo ambalo bibi wengi hulifanya kwa ustadi, humtuliza mtoto na hakuna sababu ya kukukataza iwapo viungo havivutwi kwa nguvu. Hakumfundishi kukaa, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo.

Mipaka iliyotajwa awali ni hii. Kichwa kinachoongezeka haraka kinahitaji upasuaji bila kukawia. Kifafa kinahitaji dawa. Mtoto asiyesema anapaswa kupimwa usikivu kabla ya kupewa maelezo mengine yoyote. Kutosubiri jina la ugonjwa hakumaanishi kuacha kulitafuta. Kunamaanisha kwamba rufaa na msaada wa nyumbani huanza siku moja.

5.0 Familia kama mpokeaji wa huduma

Huduma za mazoezi tiba kwa watoto zimejikita katika hospitali kubwa za mijini. Mama wa kijijini hulipa nauli ya bodaboda na ya basi, hupoteza siku ya shamba au ya genge, huacha watoto wengine kwa jirani, na yote hayo kwa ajili ya dakika chache za mazoezi ambayo hataweza kuyarudia nyumbani kama hakufundishwa. Akikosa mara mbili huitwa mtoro wa kliniki. Jina hilo linaficha hesabu aliyoifanya, ambayo mara nyingi ilikuwa sahihi.

Kwa sababu hiyo vikundi vya wazazi vina thamani ambayo haionekani ukipima viungo vya mtoto peke yake. Mafunzo ya walezi wa watoto wenye mtindio wa ubongo yaliyoanzia Afrika Kusini kwa jina la Hambisela, na kuendelezwa baadaye nchini Bangladesh, hukutanisha walezi wa eneo moja kujifunza kulisha, kuweka mkao na kucheza, na pia kuzungumzia lawama za ukoo. WHO nayo ina mafunzo ya stadi za walezi yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Baba na bibi wakishirikishwa, mafunzo huingia nyumbani. Wakiachwa nje, mama hurudi na maarifa ambayo hana mamlaka ya kuyatumia.

Tahadhari moja inafaa hapa. Utafiti wa Jamaika, ambamo watoto waliodumaa walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na, miaka 20 baadaye, kipato chao kikaonekana kuwa juu kwa takribani asilimia 25, hunukuliwa sana katika tasnifu zinazohusu watoto wenye ulemavu. Watoto wale walikuwa na udumavu. Kuhamisha asilimia hiyo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni kosa la kimbinu, na pia ni kumpa mzazi ahadi ambayo haina msingi.

6.0 Sera, kadi na swali moja

Kisheria msingi upo: Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka huohuo na Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26 iliunganisha afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ugumu uko katika makutano ya sekta. Mtoto wa miaka miwili asiyekaa ni wa afya anapougua, wa ustawi wa jamii anapotelekezwa, na wa elimu atakapofikia umri wa darasa la awali. Katika siku zake za kawaida, ambazo ndizo nyingi, hana ofisi.

Pendekezo la makala haya ni dogo. Katika kila hudhurio la kliniki, baada ya mizani na kabla ya chanjo, mlezi aulizwe swali moja: kuna jambo lolote kuhusu namna mtoto anavyosogea, anavyosikia, anavyocheza au anavyokula linalokutia wasiwasi? Jibu liandikwe kwenye kadi kwa maneno yake. Iwapo lipo, muuguzi amtazame mtoto akilishwa, atoe maelekezo ya mkao, na kumkabidhi kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chao, ambaye atamtembelea nyumbani ndani ya wiki mbili. Utafiti wa majaribio unaweza kupima mambo matatu katika zahanati chache za wilaya moja: muda unaopita kati ya wasiwasi wa kwanza wa mlezi na huduma ya kwanza, idadi ya mara mtoto anazolazwa kwa nimonia, na iwapo mlezi anaendelea kuleta wasiwasi wake baada ya kuulizwa mara ya kwanza. Kipimo cha tatu ndicho kinachopaswa kuangaliwa mapema zaidi, kwani swali linaloulizwa na zahanati isiyo na la kumpa mama siku hiyohiyo litamfunza kujibu kwamba hakuna tatizo.