Makumbusho ya vyuo vikuu yakitangaza maonyesho kuhusu kwetu, tupige hodi mapema

KILA unapokaribia muhula mpya, makumbusho ya vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani hutoa ratiba ya maonyesho yatakayokuja. Ndani yake mara kwa mara hutajwa Afrika Mashariki: sanaa za pwani, shanga za Wamaasai, ngoma za Uganda, picha za zamani za Unguja na Mombasa. Ndugu zetu wengi wanaoishi ughaibuni wakiiona ratiba hiyo husema ni mambo ya maprofesa na wanafunzi wao, kisha hurudi kwenye habari za siasa za nyumbani.

Sisi tunadhani ratiba hiyo ni habari kubwa kama hizo za siasa, na tutaeleza kwa nini.

Onyesho kubwa haliandaliwi kwa wiki mbili. Huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi. Vitu huchaguliwa, barua za kuazima huandikwa, bima na usafirishaji hulipiwa, na maelezo ya ukutani huandikwa na kuandikwa tena. Siku wageni wa heshima wanapokaribishwa kwa hotuba na maji ya matunda, kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Kama maelezo yamekosea, yatabaki hivyo hadi onyesho lifungwe. Anayetaka kusikilizwa inabidi apige hodi mapema.

Pwani yetu ilipofika Illinois

Mfano ulio karibu na wasomaji wetu ni onyesho lililoitwa World on the Horizon, lililohusu sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Lilifunguliwa Agosti 2017 katika Makumbusho ya Sanaa ya Krannert, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 2018 lilihamia Washington katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika, na likamalizia Los Angeles katika Makumbusho ya Fowler ya chuo kikuu cha UCLA, Februari 2019. Wasimamizi wake walikuwa Prita Meier na Allyson Purpura.

Palikuwa na vitu zaidi ya 150, vikiwemo viti vya enzi, nakshi za mbao, vito, kanga, misahafu iliyoandikwa kwa mkono na picha. Jambo muhimu zaidi ni kwamba vingine viliazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vingine kutoka Bait Al Zubair, Muscat, nchini Oman. Hiyo maana yake ni kwamba Wakenya na Waomani hawakuwa watazamaji tu. Walikuwa wenye mali, na mwenye mali anayeazimisha ana sauti ya kusema kitu chake kiwekwe vipi na kielezwe vipi.

Onyesho hilo lilisaidia kuvunja dhana ya siku nyingi kwamba kitu cha pwani ama ni cha Waarabu ama si cha Kiafrika halisi. Lilionyesha pwani kama mahali ambapo watu walipokea vya ng'ambo na kuvifanya vyao.

Hata hivyo, vituo vyote vitatu vilikuwa Marekani. Mtu wa Lamu aliyetaka kuona viti vya mababu zake vikiwa pamoja na vitu vya Oman alihitaji viza ya Marekani. Kila msomaji wetu anajua viza hiyo inavyopatikana.

Cambridge na Kampala

Juni 2024 ilitokea safari ya upande wa pili. Vitu 39 viliwasili katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, kutoka Makumbusho ya Akiolojia na Anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Wapo waliopiga vigelegele wakidhani vimerudi moja kwa moja, lakini havikurudi hivyo. Vililetwa kwa mkopo wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa.

Cambridge ina vitu vya Uganda vipatavyo 1,500. Sehemu kubwa ilipitia mikononi mwa wamisionari na maofisa wa kikoloni, akiwemo Padri John Roscoe wa Kanisa la Anglikana. Ukifanya hesabu, 39 ni chini ya vitatu katika kila mia moja. Mkopo huu usidharauliwe, kwa sababu mtoto wa shule wa Kampala hawezi kupanda ndege kwenda Cambridge. Lakini tuuite kwa jina lake. Kumkopesha mtu kitu kilichotoka kwao si sawa na kumrudishia.

Na kurudisha kabisa kunawezekana. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, Cambridge hiyo hiyo ilirudisha masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda. Kwa hiyo anayesema sheria na taratibu haziruhusu, akumbushwe mwaka huo.

Wamaasai ndani ya Oxford

Kisa cha tatu kinaonyesha nguvu ya mtu mmoja anayeuliza. Makumbusho ya Pitt Rivers ya Chuo Kikuu cha Oxford yalianzishwa mwaka 1884. Mwaka 2017 alifika hapo Samwel Nangiria, mwanaharakati wa Kimaasai kutoka kaskazini mwa Tanzania. Alipotazama makabati aliona vitu ambavyo kwa mila za Wamaasai haviuzwi wala havitolewi zawadi. Ni vitu vya kurithishwa ndani ya familia. Ikiwa kimoja kiko Oxford, basi ipo familia iliyokipoteza, na mara nyingi kwa msiba au kwa nguvu. Aliuliza vimefikaje pale.

Baada ya swali hilo, wazee wa Kimaasai kutoka Kenya na Tanzania walikwenda Oxford na kuvikagua vitu kimoja kimoja. Walirekebisha maelezo na kutaja vitano kuwa vyenye uzito wa pekee. Mwaka 2023 mkurugenzi wa makumbusho, Laura van Broekhoven, alisafiri kwenda kukutana na familia zinazohusika, na mazungumzo hayo yalifikia hatua ya kutoa ng'ombe kwa ajili ya suluhu, kwa mujibu wa mila.

Wapo watakaosema ng'ombe hawatoshi, na wapo watakaosema ni heshima kubwa. Uamuzi huo ni wa familia zenyewe. Sisi tunachokiona ni kwamba vitu hivyo vilikuwa Oxford kwa miongo mingi, na mambo yalianza kubadilika alipofika mtu anayevijua akauliza.

Majina yaliyokosekana

Soma kikaratasi cha maelezo katika makumbusho mengi. Utakuta jina la aliyetoa kitu: meja fulani, askofu fulani, mke wa gavana. Jina la fundi aliyekichonga halipo. Utakuta "Waswahili, karne ya 19" basi, kana kwamba kiti kilichongwa na kabila zima.

Majina yakitafutwa hupatikana. Miswada ya mashairi ya Muyaka bin Haji iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, inajulikana kwa jina la W. E. Taylor, mmisionari aliyeikusanya Mombasa. Lakini aliyemsaidia kuyakusanya mashairi hayo na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa. Bila yeye, mengi ya Muyaka yangepotea. Jina lake linastahili kuandikwa kwa herufi zile zile za Taylor.

La kufanya

Tunawashauri wasomaji wetu, popote walipo, wakiona tangazo la onyesho kuhusu kwetu, waandike barua fupi ya heshima kwa makumbusho na kuuliza mambo manne. Vitu vimetoka wapi, na kwa njia gani? Nani kutoka nchi husika ameshirikishwa katika kuandika maelezo? Je, maelezo yatakuwepo pia kwa Kiswahili? Na onyesho likimalizika, je, litafika nyumbani, hata kwa picha na nakala?

Makumbusho ya chuo kikuu yana sababu ya kujibu. Kazi yake ni elimu, na anayemsahihisha mwalimu kwa hoja anamsaidia. Tena vitu vinavyoonyeshwa huwa ni sehemu ndogo tu ya vilivyomo ghalani, na makumbusho mengi huruhusu mtu kuviona vilivyobaki kwa miadi. Kwa kanga na karatasi za zamani mtu asichelewe. Mwanga huziharibu, kwa hiyo huwekwa katika mwanga hafifu na kuondolewa baada ya miezi michache.

Jambo hili linatugusa zaidi sisi ambao kurudi nyumbani si suala la nauli tu. Wapo kati yetu wenye watoto waliozaliwa Muscat, Leicester au Minneapolis, ambao hawajawahi kuiona Lamu wala Unguja, na huenda wasiione hivi karibuni. Kwa mtoto kama huyo, kiti cha enzi kilicho ndani ya kioo huenda kikawa ndicho cha kwanza kukiona maishani mwake. Akikiona peke yake atasoma alichoandikiwa. Akiwa na mama yake au babu yake ataambiwa kiti hicho alikalishwa mgeni wa heshima au bwana harusi, nacho kilikuwa fahari ya nyumba. Hayo mara nyingi hayamo katika kikaratasi, na wanaoyajua wanazidi kupungua.