Tembo zuri halisafiri, lifuate mnazini



Huko Ufaransa na Italia watu wa mjini wana desturi moja ya kupendeza. Siku za mapumziko hufunga safari kwenda kwa wakulima wadogo wa mizabibu, wakaingia ghalani, wakaonja mvinyo kutoka kwenye pipa, wakamwuliza mkulima mvua za mwaka zilikuwaje, kisha wakarudi nyumbani na chupa mbili tatu. Nasi Tanzania tunayo mizabibu kule Dodoma, tena huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini kutoka hapa Mabawa hadi Dodoma ni safari ya kutwa nzima. Leo nataka kuwaambieni kwamba mwenye hamu ya starehe ya namna hiyo hana haja ya kwenda mbali. Kiwanda chetu cha mvinyo kiko juu ya mnazi, na mwenye kiwanda ni mgema.

Najua wengi wenu hamnywi, na dini ya mtu iheshimiwe. Lakini msizime redio. Bibi zetu wa mwambao waliumua vitumbua kwa tembo kabla hamira ya kopo haijajaa madukani, na siki yao ilitokana na tembo hilo hilo lililochacha. Habari ya mgema ni habari ya jikoni kwetu pia.

Kilichonifanya nizungumze leo ni methali. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeikariri tangu shule ya msingi, nasi tunamtupia fundi cherehani aliyeanza kuharibu nguo za watu, na mchezaji mpira aliyefunga mabao mawili akaanza kuchelewa mazoezini. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kumwuliza mgema mwenyewe?

Mimi nilimwuliza. Ilikuwa hivi. Jioni moja nilikaribishwa na rafiki katika kilabu kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja. Tukaletewa jagi. Rangi ilikuwa ya maji yaliyooshewa mchele, na ladha yake vivyo hivyo. Nikalalamika. Rafiki yangu akacheka, akasema, "Bwana wee, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka tembo la kweli, amka alfajiri ulifuate."

Basi Jumamosi nikaamka. Nikashika njia ya Pangani, nikapita Mwambani, na kabla sijafika Tongoni nikaingia kushoto kwenye njia ya miguu iliyoelekea baharini. Hapo niliuliza, nikaonyeshwa. Mgema alikuwa bado juu. Nikasikia kotama ikikwangua, kisha sauti ikauliza kutoka kwenye makuti, "Nani huyo?" Nikaamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Karibu, lakini ngoja nishuke kwanza. Huku juu hakuna maongezi."

Alishuka kwa vidato, zile alama zinazochongwa shinani kwa ajili ya kukanyagia, kibuyu kikining'inia kiunoni. Alikuwa mtu wa miaka 60 na kitu. Akanimiminia katika kata ya kifuu. Jamani, lile halikuwa lile la jagi. Lilikuwa jeupe kama maziwa, povu jepesi juu yake, tamu, na ndani ya utamu kuna ukali kidogo unaochezea ulimi. Nilikunywa nimekaa juu ya kuti, upepo wa bahari ukipita, jogoo akiwika. Raha ile haiuzwi kwenye kaunta.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi tunaoishi mjini hatuijui. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Karara likiachwa lipasuke, hutoa upunga, upunga ukawa vidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, na mwisho nazi. Mgema huliwahi kabla halijapasuka. Hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulipigapiga polepole na kuliinamisha siku hadi siku, kisha hulikata ncha kwa kotama. Utomvu uliokuwa ulishe nazi huanza kudondoka, naye hutungika kibuyu chini yake. Asubuhi na jioni sharti apande, ateremshe kilichopatikana, akate tena kipande chembamba kama karatasi ili jeraha lisizibe. Akilala siku moja, karara linakauka.

Mzee wangu anagema minazi 12. Asubuhi na jioni, hiyo ni kupanda mara 24 kwa siku. Tuseme kila mnazi ni mita 15. Mtu wa umri ule anapanda mita 360 kila siku iendayo kwa Mungu, na mita 360 nyingine anashuka. Hana mkanda wa usalama, wala hana bima. Kidato kikiteleza kwa mvua, habari yake imekwisha.

Na kwa nini tembo la mnazini si sawa na la mjini? Utomvu wa mnazi una sukari kiasi cha sehemu 12 hadi 15 katika 100. Hamira ya asili ipo hewani, ipo kwenye karara, ipo ndani ya kibuyu. Tone la kwanza likianguka, kazi imeanza. Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, ndiye aliyeonyesha kwamba kuchacha huko kunafanywa na vijidudu hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wagema walikuwa wakivitumikisha vijidudu hivyo karne nyingi kabla yake, bila kuvijua kwa jina. Kwa saa chache tu kilevi hufikia asilimia 4 hivi. Jioni tembo limekuwa kali. Kesho yake limechachuka, na baada ya siku chache ni siki.

Ndiyo maana nasema tembo zuri halisafiri. Mvinyo wa zabibu unaweza kufungiwa chupani, ukavuka bahari, ukanywewa miaka 10 baadaye. Tembo lina mahali pake na saa yake. Ama ulifuate, ama ulikose.

Nikarudi kwenye methali. "Mzee," nikamwuliza, "ni kweli mkisifiwa mnatia maji?" Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwanangu, sifa hazijapata kutia maji kwenye kibuyu changu. Ni bei. Mchuuzi anakuja na baiskeli, anataka madumu matatu kwa bei ya mawili. Mnazi haujui kuongeza. Mimi nikikataa, anakwenda kwa mwingine. Maji yakiingia, yawe yangu au yake huko njiani, nyinyi wa mjini mnasema mgema amesifiwa."

Wasikilizaji, maneno hayo yalinikaa rohoni. Tunadai kitu kingi, kwa bei ndogo, wakati wowote tunaotaka, kisha tunamlaumu aliyeko juu ya mti. Na maji hayo yanayoongezwa njiani hatujui yametekwa wapi. Kipindupindu hakiulizi kama mtu alikuwa akinywa kwa starehe.

Kuna jambo jingine. Karara linalogemwa halizai nazi, hivyo mwenye shamba na mgema hupaswa kupatana, ama kwa kodi ama kwa mgawo, na mapatano hayo husimama tu ikiwa tembo linalipa. Minazi yenyewe inazeeka. Ugonjwa ule wa kufisha, unaoangusha nazi changa, ukageuza makuti manjano na mwisho ukaacha gogo limesimama kama nguzo ya simu, umekula mashamba mengi ya mwambao wa Tanzania. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulianzishwa mwaka 1979, na ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa shida ulizokabiliana nazo. Lakini mnazi hungoja miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na kijana wa leo hataki kuungoja wala kuupanda. Nilimwuliza mzee nani atashika kotama baada yake. Alitazama juu, hakujibu. Nilisikia baadaye kwamba wanawe wawili wanaendesha bodaboda.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye kupenda tembo, na atoke siku moja amtembelee mgema. Afike asubuhi mapema, aombe kwa adabu, asiharakishe mtu aliye juu ya mti. Alipe bei anayotajiwa, asibishane kwa shilingi ndogo. Anywe kwa kiasi, na kama ni yeye anayeshika usukani au pikipiki, aonje tu, abaki na akili zake. Simsemei mwenye gongo, hiyo sheria imeikataza na macho ya watu yamepotea kwa ajili ya pombe za kuchemsha kienyeji. Na asiyekunywa, aende na chupa safi akanunue tembo la kuumulia vitumbua. Ataona tofauti.

Mimi niliporudi Mabawa saa 4 asubuhi, chupa niliyobeba ilikuwa tayari imesukuma kizibo chake. Mke wangu aliionja, akasema imeshakuwa kali. Nikamwambia, juma lijalo twende wote.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.