Maumivu ya Kichwa Yasiyosikia Dawa

Wananchi wengi wasikiapo neno kuvu, au fangasi kama lilivyozoeleka, hufikiri choa cha watoto na ngozi ibandukayo baina ya vidole vya miguu. Magonjwa hayo huudhi, lakini ni nadra kuua. Iko kuvu ya namna nyingine ambayo huua. Na kwa kuwa dalili yake ya kwanza huwa ni kuumwa kichwa tu, haina budi watu wa Ziba na wa Tabora nzima waijue.

Kuvu hiyo huitwa kriptokokasi. Makao yake ni mavi ya njiwa, udongo na miti. Wataalamu waliochunguza nchini Zambia waliikuta hata katika misitu ya miombo, misitu ile ile ambayo wapagazi wa misafara waliikata kwa miguu kuja Tabora. Basi watu wengi huivuta pamoja na vumbi, na mwenye afya haimdhuru. Hujificha mwilini mpaka kinga ishindwe, ndipo ipandapo kwenye ubongo. Aliye hatarini zaidi ni mwenye virusi vya UKIMWI ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 200, na hasa chini ya 100: yule aliyechelewa kupima, au aliyehama kufuata malisho au mashamba ya tumbaku akaacha dawa. Wamo pia waliopandikizwa figo na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Kichwa huuma taratibu, wiki hata wiki. Mgonjwa hunywa dawa ya malaria, kisha vidonge vya maumivu, kisha huenda kwa mganga. Baadaye huona vitu viwili viwili, hutapika, akili huchanganyikiwa, na jamaa husema amerogwa. Wakati huo maji yamekwisha kuusonga ubongo, na yapasa achomwe sindano mgongoni ili yapunguzwe. Hapo ndipo jamaa wengi hukataa, kwa uvumi kwamba sindano hiyo huua. Uvumi huo una asili yake: mgonjwa hufikishwa akiwa mahututi, huchomwa, hufariki, na lawama hubebeshwa sindano. Kwa hakika sindano ile huokoa.

Lakini alama ya kuvu hii huonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuuma. Kipo kipimo cha kijiti kitoacho jibu kwa muda wa dakika 10 hivi, na akutwaye nayo mapema hupewa vidonge vya flukonazoli. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Lusaka kwa wagonjwa 1,999, ukatangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 28 miongoni mwa waliopimwa hivyo na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo za dawa. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kriptokokasi katika kundi la kuvu za hatari kuu.

Kwa hiyo ndugu mwenye mgonjwa wa namna hiyo, aendapo kliniki au Hospitali ya Nkinga, na aulize: CD4 zake ni ngapi, na je, amepimwa kriptokokasi?