Reale za Babu: Kumbukumbu au Mirathi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Mataifa mengi hugonga sarafu za fedha kuienzi miji na mitaa yao ya kale. Nasi tunayo historia hiyo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye majina ya watawala Waislamu wa zama hizo. Mwaka 1882 Sayyid Barghash wa Zanzibar alitoa reale yake. Lakini iliyoenea zaidi ni reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780, iliyofika hadi bara.

Reale hizo ndizo tulizoulizwa Matombo, baada ya Swala ya Ijumaa. Mzee amefariki, ameacha 30 ndani ya kopo. Mwanawe wa kiume anasema hazigawanywi, kwani ni kumbukumbu ya babu. Dada zake wawili wamenyamaza, na kunyamaza kwao si kuridhia.

Ndugu zetu, jina la kumbukumbu haliitoi mali katika hukumu yake. Nisabu ya fedha ni dirham 200, takriban gramu 595 za fedha halisi. Reale moja ina fedha halisi gramu 23.4 hivi, basi 26 zinafikisha nisabu. Zaka ambayo marehemu hakuitoa ni deni: fungu moja la arobaini kwa kila mwaka, nalo hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu.

Baada ya madeni na wasia, ikiwa warithi ni hao watatu tu, mwana wa kiume ana nusu na kila binti robo, kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, aya ya 11. Ni ajabu kwamba Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa kwa mama, binti anyimwe haki aliyopewa na Mola wake.

Kijana akitaka kulihifadhi kopo, na azinunue hisa za dada zake kwa ridhaa yao na kwa bei ya leo. Alipe taslimu, mkono kwa mkono, kwani kubadilishana fedha kwa noti hakukubali mkopo.

Hapo ndipo reale zitakuwa kumbukumbu njema ya babu. Zikibaki na haki ya mwingine ndani yake, zitakuwa ushahidi dhidi yetu Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.