Kamusi Ndani ya Sanduku

Juzi nilikuwa Shirere, Kakamega, nikimsaidia mpwa wangu kufunga virago vya kwenda kusoma Uingereza. Sandukuni mlikuwamo masweta, unga wa wimbi na vyeti, kikiwemo cha kupimwa kifua kikuu. Juu ya vyote yaliwekwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza, IELTS, ambayo huisha nguvu baada ya miaka miwili, kana kwamba lugha nayo huingia fukusi. Binti huyu amefunzwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Ng'ombe akauzwa ili athibitishe kuwa anakijua! Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa na Uingereza uthibitisho huo. Vijana 81 waliopaa kwenda Marekani mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, walitoka katika shule za Kiingereza hichohicho.

Nilipochomeka kamusi ya Kiswahili kando ya viatu, dada yangu alinung'unika.

"Kaka, kilo ni 23 tu. Kiswahili atakifanyia nini huko?"

Nikamweleza kuwa chuo cha SOAS, London, kimekifundisha kwa miongo mingi, na wanaokisoma hukilipia karo.

Akapunguza unga.